Waliohamia Jicho la Kulia

Jumatatu ya pili ya mwezi wa tatu, saa moja kasorobo asubuhi, Rosaline Wahu alikataa maziwa ya Jeruto kwa sababu aliona nzi ndani yake. Alikuwa kazini kwenye kituo cha kupokea maziwa, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Saboti, amevaa gambuti nyeupe na aproni ya plastiki, na mtungi wa Jeruto ulikuwa wa saba kwenye foleni. Alifungua kifuniko, akanusa, akainama kutazama, na nzi akapita juu ya maziwa kutoka kushoto kwenda kulia bila haraka yoyote.

"Rudisha nyumbani," akasema.

Jeruto akainama naye. "Nzi gani? Mimi sioni kitu."

"Ameenda upande ule."

Jeruto aliomba chujio, akayachuja maziwa yote mbele ya foleni nzima, polepole, kisha akaligeuza chujio na kulikung'uta. Halikuangusha kitu. "Mama Muturi," akasema, "nzi iko kwa macho yako." Akabeba mtungi wake, akaondoka bila kuaga.

Rosaline alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Maziwa yaliyotiwa maji aliyajua hata kabla ya kuchovya kipimo, na ng'ombe aliyekula kabichi alimjua kwa harufu. Juma hilo alikataa mitungi kumi na mmoja. Jumanne nzi walikuwa wawili. Jumatano aliwaona kwenye ukuta mweupe wa stoo, ambako hakukuwa na maziwa. Alhamisi aliwaona angani, juu kabisa, wakitangatanga mbele ya Mlima Elgon. Akiwafuata kwa jicho, walikimbia ukingoni. Akiwaacha, walirudi katikati. Jumapili, mchungaji alipopanda mimbarini na shati lake jeupe, Rosaline alimwona mmoja wao akikatiza kifua cha mchungaji kwa miguu miwili, akichechemea, na akajua kwamba hao si nzi.

Tangu siku hiyo hakutulia. Akiketi, waliteleza kwenda chini ya jicho wakajikusanya huko, naye akahisi ni lazima ainuke ili wapate nafasi. Akiinuka, walipepesuka. Alianza kutembea kutoka jikoni hadi langoni, kutoka langoni hadi zizini, akirudi jikoni bila kukumbuka alichokifuata. Usharika ulipomwomba asome somo la pili, alisoma mistari mitatu, akafunga kitabu, akatoka nje kuzunguka kanisa.

"Mama Muturi, keti basi," mumewe Gicheru alimwambia. "Unanichosha mimi ambaye nimeketi."

Alienda Kitale kwa Kamaljit, mwanamke wa miaka sitini hivi aliyekuwa na duka la miwani kwenye jengo ambamo marehemu baba yake, Gurdev, aliuza visahani vya plau za trekta. Kamaljit alimwambia aweke kidevu kwenye chuma cha mashine ya kupimia macho, akazima taa za chumba na kuwasha ile ndogo.

"Ndani ya jicho kuna kitu kama uji mzito," akaeleza, akitazama. "Ukipita miaka hamsini, ule uji unasinyaa. Vipande vinabaki vikielea, na ile unaona ni kivuli yao. Watu wengi wanaona nyuzi. Wengine wanaona kama utando ya buibui." Akageuza kifundo cha mashine. "Yako ni watu."

"Wangapi?"

"Watatu. Na ng'ombe moja."

"Ng'ombe wa maziwa?" akauliza Rosaline.

"Ni dume. Pembe moja imevunjika."

Rosaline aliuliza kama kuna dawa. Kamaljit alisema hakuna, kwa sababu huo si ugonjwa. Ni kuzoea tu. Alimfundisha kuinua macho juu kabisa na kuyashusha haraka kila anapotaka kuona vizuri, ili wale walio katikati wasogee pembeni kwa muda. Alimwonya pia kwamba siku atakayoona mwanga wa ghafla kama radi, au pazia jeusi likimshukia, asingoje kesho. Rosaline akaomba walau miwani.

"Miwani ni ya mtu haoni," Kamaljit akasema. "Wewe unaona sana." Akamwandikia barua ya kwenda Bungoma, kwa Daktari Arjun, aliyekuwa na mashine kubwa zaidi.

Kliniki ya Bungoma ilikuwa na viti vya plastiki na bango la jicho lililokatwa katikati. Mhudumu aliyetia watu dawa ya kupanua mboni alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Nabwile, mwenye mikono mikavu na sauti ya chini. "Mama, angalia juu," alimwambia Rosaline. "Usipepese." Akatia tone moja, akahesabu, akatia la pili.

Daktari Arjun alikuwa na desturi ya kutazama na kusema, naye Nabwile akiandika kwenye kadi. Siku hiyo alisema: jicho la kushoto, safi. Jicho la kulia, mwanamume mzee, kofia ya kuzuia jua, anachechemea mguu wa kushoto. Mwanamke mzee zaidi, amejifunga leso kiunoni. Mtoto mchanga, amebebwa na huyo mwanamke. Ng'ombe dume, pembe ya kulia imevunjika.

Kalamu ya Nabwile ilisimama.

"Daktari, naomba niangalie kidogo."

Daktari alimpisha. Nabwile aliketi, akasogeza jicho lake kwenye mashine, akakaa hivyo mpaka wagonjwa waliongoja nje wakaanza kukohoa.

"Huyu ni baba yangu," akasema.

"Andika basi. Jina?"

"Khaoya."

"Na hawa wengine?"

Yule mwanamke alikuwa bibi yake Nabwile, mamake Khaoya. Mtoto alikuwa ndugu yake mdogo, aliyeishi siku tisa na hakupewa jina. Ng'ombe ndiye aliyechinjwa kwenye matanga ya baba. Daktari Arjun alisema ni vizuri kuwa na majina, kwa sababu kadi nyingi huandikwa "vipande" tu, akamwita mgonjwa aliyefuata.

Mboni zikipanuliwa hivyo, jua la Bungoma haliwezi kuvumilika. Rosaline aliketi kwenye benchi nyuma ya kliniki, amejifunika leso kichwani, na wakati wa chakula cha mchana Nabwile akaja na chapati mbili na kikombe cha chai. Wakala. Chini ya leso, kwenye ule mwangaza mwekundu, Rosaline aliwaona wale watu wakienda na kurudi.

"Mama, unatoka upande gani?" Nabwile akauliza.

Rosaline akamtajia.

"Kwa Gicheru?"

"Ni bwanangu."

Nabwile akaitikia kwa kichwa. Alisimulia bila kupandisha sauti. Babake alizaliwa kwenye shamba hilo wakati lilikuwa bado shamba moja kubwa, akalifanyia kazi mpaka lilipogawanywa na kuuzwa vipande. Mzee aliyenunua kile kipande, baba yake Gicheru, alikuta nyumba ya Khaoya ndani yake, akamwacha akae na afanye kazi. Bibi alipokufa akazikwa kwenye kona ya juu. Yule mtoto naye akazikwa hapo. Halafu Khaoya mwenyewe. Mzee mwenye shamba aliwapa mkono mbele ya watu kwamba kona hiyo, robo eka, haitaguswa, na wao wakapanda miti ya lusiola kuzunguka. Haikuandikwa popote. Yule mzee alipokufa, Nabwile na mamake na ndugu zake walipewa siku saba wahame. Walienda Matulo, kwa wajomba. Yeye alikuwa darasa la nane.

"Kila Disemba nilikuwa nakuja," akasema. "Nasimama tu kwa barabara, naangalia ile miti, narudi. Mwaka huu sijakuja bado."

"Miti haiko," Rosaline akasema.

Nabwile akamgeukia.

Rosaline aliondoa leso kichwani ingawa jua lilimchoma. Alisema ilikuwa mwezi wa pili. Gicheru alikuwa amekata ile miti wiki moja kabla, akiwa na mpango wa kuongeza mahindi, lakini siku ya trekta alikuwa Kitale kutafuta dizeli. Dereva alilima mpaka akafika kwenye ile kona, akaona mawe na vilima vitatu, akazima injini. Akapiga kelele kutoka huko juu: "Mama, hapa pia?" Yeye Rosaline alikuwa tayari langoni na gambuti zake mkononi, saa ilikuwa imepita, na watu walikuwa wakingoja kwenye foleni na maziwa yao. Alijua ni nini kilikuwa pale. Alikuwa amejua kwa miaka thelathini.

"Nikamwambia, hapa pia."

Nabwile alikunja mfuko uliokuwa na chapati, akaukunja tena, mpaka ukawa mdogo kama sanduku la kiberiti.

"Ulikuwa unaharakisha wapi?"

"Maziwa."

"Mm," Nabwile akasema. Akainuka, akakung'uta sketi yake. "Ndiyo maana hawaketi. Baba alikuwa mtu wa kuketi. Angemaliza kazi saa tisa, anaketi nje ya nyumba mpaka jua liingie. Sasa angalia vile anatembea." Akamwekea Rosaline leso kichwani, akairekebisha ili jua lisipite. "Ongea na bwana yako."

Rosaline aliongea naye jioni hiyo hiyo, wakati Gicheru alipokuwa akinoa jembe mlangoni. Gicheru alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka tupa chini na kumwomba ageukie jua. Alimshika kidevu, akatazama ndani ya jicho la kulia, kwanza kwa mbali, halafu karibu.

"Eh. Mzee Khaoya," akasema. "Habari ya siku nyingi?"

Alitazama tena. Uso wake ulilainika. Alimweleza mkewe kwamba mzee huyo ndiye aliyemfundisha kukama, yeye akiwa na miaka sita, akimshika vidole kimoja kimoja. Na kwamba wakati mmoja Mto Koitobos ulipofurika alimvusha mabegani na daftari zake zote, na hakuna hata moja iliyolowa. Alicheka kidogo alipokumbuka. Rosaline alidhani mambo yamekwisha.

"Basi turudishe ile kona," akasema. "Ni robo eka tu. Wapande miti yao."

Gicheru akaokota tupa. "Mama Muturi, shamba liko na hati. Nimeisoma mara nyingi, hakuna kaburi imeandikwa ndani." Akanoa kidogo. "Tena ukiangalia, saa hii wako na mahali. Kule walikuwa wananyeshewa. Hapo hawanyeshewi."

Aliyasema bila ubaya wowote, kama mtu anayemwonyesha mwenzake upande mzuri wa jambo.

Nabwile alipopelekewa habari hizo kwa simu, aliomba ruhusa kazini na kwenda kumwona naibu wa chifu wa upande huo, kijana mnadhifu aitwaye Tonny, aliyekuwa na ofisi ya mabati na bendera. Walikuwa wanne: Tonny mezani, Gicheru na hati yake ndani ya bahasha ya kaki, Nabwile mkabala naye, na Rosaline akiwa amesimama dirishani kwa sababu hakuweza kuketi. Tonny alimsikiliza kila mmoja. Aliuliza kama kuna maandishi. Hayakuwepo. Aliuliza kama kuna shahidi aliye hai wa ule mkono uliopeanwa. Hakuwepo.

"Shahidi ni huyu," Nabwile akasema. "Mwambie alete jicho."

Tonny aliwasha tochi ya simu, akaishika kando ili isimuumize, akatazama. Alihesabu kwa kidole hewani, akaandika kwenye kitabu kikubwa.

"Ni kweli wako," akasema. "Mimi siwezi kusema hawako. Sasa, Mama, kesi ya makaburi inataka makaburi. Nikienda kule shambani nitapata mahindi. Nikikuja hapa napata marehemu wenyewe, na wako na mahali pa kukaa, tena ni kwa mke wa mwenye shamba. Hapo naona kama familia zimepatana."

"Jicho ya mtu si shamba, bana," Nabwile akasema.

"Nimeandika hiyo pia," Tonny akamjibu, na kweli alikuwa ameiandika. Akawapa watie sahihi. Gicheru alitia, Nabwile hakutia, na Tonny akaandika kando ya jina lake kwamba alihudhuria.

Kipindi kilichofuata kilikuwa kibaya kwa Rosaline. Mzee Khaoya alianza kupima. Aliweka mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa kidole, akaenda hivyo mpaka ukingo wa jicho, akageuka, akaenda tena, kana kwamba akimaliza kupima mtu atamwuliza jibu. Bibi alimfuata nyuma na mtoto. Ng'ombe aliwafuata wote. Rosaline aliona hayo kwenye shuka alizoanika, kwenye unga aliokuwa akiukanda, kwenye karatasi za mapokezi ambapo Khaoya alipita juu ya majina ya wakulima. Alipungua. Alivunja vikombe. Wakati mwingine alijikuta barabarani amefika mbali, ana kijiko mkononi, na watu wakimsalimu kwa heshima na kumpisha.

Asubuhi moja katikati ya mwezi wa tano, baada ya zamu, hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alipanda hadi kona ya juu na aproni yake ya plastiki. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Aling'oa mche wa kwanza, akaulaza chini, akang'oa wa pili. Alienda mstari kwa mstari. Kufikia saa saba, robo eka yote ilikuwa wazi, udongo mwekundu mtupu, na miche ilikuwa imelala kando kwa mafungu kama mboga za soko.

Aliponyoosha mgongo aligundua kwamba jicho limetulia. Alitazama juu, angani, palipokuwa peupe kabisa. Khaoya alikuwa ameketi. Alikuwa ameketi chini na miguu ameinyoosha, kofia iko gotini, na bibi alikuwa amempakata mtoto, na ng'ombe amelala akicheua. Rosaline naye akaketi kwenye udongo. Hakuwa ameketi zaidi ya dakika tano tangu mwezi wa tatu. Alikaa hapo alasiri yote bila kufanya kitu, na alipoondoka aligeuza kichwa kidogo kidogo ili asiwaamshe.

Siku iliyofuata, Rosaline akiwa kazini, Gicheru alipanda upya. Hakugomba. Alisema tu, wakati wa chakula, kwamba amepata mbegu inayokomaa haraka, na kwamba ile miche iliyong'olewa ng'ombe wameipenda sana. Rosaline aliinua macho kwenye ukuta. Mzee Khaoya alikuwa amevaa kofia yake na ameanza kupima.

Hayo mahindi ya pili yalikuwa machanga wakati viwavijeshi walipofika, na viwavi wakayaendea hayo kuliko mengine yote ya shamba. Gicheru alinyunyiza dawa mara mbili bila mafanikio. Ndipo asubuhi moja akaja jikoni na jani lililotobolewa, akamwomba mkewe akae karibu na dirisha.

"Samahani kidogo, Mama Muturi. Nataka kuuliza mzee."

Aliliinua jani mbele ya jicho la kulia. Rosaline hakuona uso wa mumewe vizuri kwa sababu Khaoya alikuwa amesimama katikati. Alimwona mzee akisogea, akiliangalia jani, akitikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha Khaoya aliinama, akafanya kama anayechota kitu kwa mkono, akakiangusha kwa vidole vitatu katikati ya mmea usioonekana. Akarudia mara mbili ili aeleweke.

"Majivu," Gicheru akasema. "Si ndiyo? Ndani ya moyo ya mmea."

Alitia majivu ya jikoni kwenye kila mche wa ile robo eka, na viwavi wakafa. Alirudi kumshukuru mzee kwa sauti, akashikilia kofia yake mwenyewe mkononi alipokuwa akisema. Tangu hapo akawa anauliza mambo mengine: ndama asiyenyonya, mvua, mahali pa kuchimba kisima kipya. Khaoya alijibu kila mara. Baadaye Rosaline alimsimulia Nabwile kwa simu, akitarajia kwamba ataudhika.

"Baba hakuwa anaweza kuona mmea ukiharibika," Nabwile akasema. "Hata kama ni ya mtu."

"Nimwambie Baba Muturi asiulize tena?"

"Utamkataza baba yangu kujibu?"

Kazini Rosaline alijifunza. Kabla ya kutazama maziwa aliinua macho juu ya paa, akayashusha upesi, na katika ule muda mfupi ambao wale wa ndani walikuwa bado wanajishikilia pembeni, aliona maziwa yalivyo. Ilitaka mazoezi. Alimwendea Jeruto nyumbani kwake na sukari kilo mbili, akamwomba radhi kuhusu nzi. Jeruto aliipokea sukari, akamtazama jicho bila kuomba, akasema, "Kumbe ni yule mzee alikuwa anatuchungia ng'ombe," na akamletea kibuyu cha maziwa ya mursik. Wakulima walizoea kwamba mama wa maziwa huangalia juu kwanza. Watoto wao waliiga.

Kuketi hakujifunza. Alizoea kusimama kanisani nyuma kabisa, kula akiwa mlangoni, kusuka akitembea. Gicheru naye aliacha kumwambia aketi.

Nabwile alikuja kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kutoka Bungoma, na ndizi au majani ya chai kwenye mfuko. Hiyo ndiyo saa pekee Rosaline alijilazimisha kukaa kwenye kigoda, nje, uso kwenye jua la saa nne, mikono ikiwa imeshika magoti yake ili yasiinuke. Nabwile aliketi mbele yake, karibu sana, magoti yao yakigusana. Alimweleza babake habari za Matulo: nani ameoa, nani ameuza shamba, mahindi ya mjomba yamefika wapi. Bibi alimwinua mtoto juu ili aonekane. Nabwile alikuwa akimchezeshea vidole, na pumzi yake ilikuwa na joto kwenye shavu la Rosaline. Wanawake hao wawili walikuwa na karibu umri mmoja na hawakuwa marafiki. Lakini Rosaline alijua sasa sauti ya mwenzake alipokuwa akisema na watu aliowapenda, na Nabwile alijua kila mshipa mwekundu wa jicho lile.

"Hawajaketi," Nabwile alisema kila alipomaliza, akiinuka.

"Hawajaketi," Rosaline alikubali, akiinuka naye.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba, mahindi yakiwa yametoa mbelewele, Nabwile hakuinuka mara moja.

"Na ukifa, Mama Muturi? Hawa wataenda wapi?"

Rosaline alikuwa ameshalifikiria hilo, katika kutembea kwake kote. Alimwongoza hadi upande wa chini wa shamba, ambako Gicheru alikuwa akikaza waya. Kulikuwa na mahali palipozungushiwa ua wa nguzo za mtarakwa na waya mistari mitano, na geti dogo la chuma. Ndani palikuwa na nyasi zilizokatwa vizuri na miwaridi miwili. Gicheru alikuwa amepatenga mwaka huo huo, baada ya kuzika ndugu yake huko Nyahururu na kuona jinsi watu walivyokanyagana.

"Hapa ndipo tutazikwa," Rosaline akasema. "Mimi na Baba Muturi."

Nabwile aliingia getini, akasimama juu ya nyasi. Alitazama huku na huku, kama mtu aliyeonyeshwa nyumba ya kupanga. Gicheru aliacha waya, akaja kumsalimu. Alimpenda Nabwile, kila mwezi alimpakilia maziwa au maharagwe ya kwenda nayo.

"Ni kubwa kiasi gani?" Nabwile akamwuliza.

"Robo eka. Nilipima mimi mwenyewe."

"Na haitalimwa? Hata mkishaenda, hata watoto wakiuza?"

Gicheru alimkazia macho, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alionekana kuumia kwelikweli.

"Nabwile, hata wewe?" akasema. "Ni nani anaweza kulima makaburi ya watu?"

Nabwile alimtazama, kisha akamtazama Rosaline, jicho la kulia. Akatoka, akafunga geti nyuma yake. Rosaline akamsindikiza hadi barabarani, na kwa kuwa gari la Kitale lilikuwa karibu kupita, wakakatiza kwenye mahindi ya kona ya juu, ambayo mwaka huo yalikuwa yamestawi vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote ya shamba.